Wakubwa Wanunua, Bei Yashuka: Mambo ya Soko la Hisa kwa Mwenye Akiba Ndogo

Nyakabiga, mjini Bujumbura, ni mtaa wa watu wa mishahara. Humo wamo makarani, walimu, askari polisi na wanajeshi pamoja na jamaa zao, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi wanaopanga vyumba kwa sababu kampasi ya Mutanga iko jirani. Fedha ya mshahara huingia mara moja kwa mwezi, na ile inayosalia baada ya unga, kodi ya nyumba na karo hutafutiwa mahali pa kulala. Kwa desturi mahali hapo pamekuwa kiwanja, matofali, ng'ombe aliyewekwa kwa ndugu huko milimani, au zamu ya tontini. Wanajeshi waliotumwa Somalia tangu Desemba 2007, kikosi cha kwanza cha Burundi kilipotua Mogadishu, walirudi na posho ambayo mara nyingi iligeuzwa kuta na mabati.

Lakini mtu mwenye ndugu Nairobi, Kigali au Dar es Salaam hakosi kusikia neno jingine, nalo ni hisa. Na pamoja na neno hilo huja swali ambalo si la kijinga hata kidogo. Ikiwa mabenki, mifuko ya pensheni, makampuni ya bima na matajiri wa ng'ambo hununua hisa za kampuni fulani kwa mamilioni kila siku, yawezekanaje bei ya hisa hizo ikashuka? Wakubwa wakishikilia kitu, si hakina budi kutulia?

Jawabu lake si gumu, ila lataka subira kidogo. Na kabla ya kwenda Nairobi yafaa kupita kwanza sokoni Jabe, kwa mama muuza ndagala.

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavua ndagala usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, wavu ukainuliwa. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena juu ya maji, na mitumbwi mingi hubaki pwani. Sasa tuchukue siku mbili. Siku ya kwanza ni ya giza la mwezi: magunia mia moja yanatoka kwa wachuuzi wa jumla yakienda kwa wazabuni wa shule na kambi. Biashara ni kubwa, wapagazi wanatokwa na jasho, lakini bei ya jioni ni ile ile ya asubuhi, kwa kuwa waliotaka kuuza na waliotaka kununua walikuwa sawa. Siku ya pili mwezi unang'aa. Yamekuja magunia matatu tu. Mteja anauliza, "Mama, mbona juzi kipimo hiki ulinipa kwa bei nusu?" Naye anajibu bila kuinua macho, "Mwanangu, mwezi umetoka." Mteja mwingine mwenye arusi kesho hulipa bila kubishana, na bei hiyo aliyolipa yeye huwa ndiyo bei ya soko zima.

Katika siku hizo mbili, ile yenye biashara nyingi haikusogeza bei, na ile yenye biashara chache iliirusha juu. Wingi wa mali inayopita mikononi ni jambo moja, na njia ambayo bei inaelekea ni jambo jingine.

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Mwenye hisa ana haki ya kupata gawio, yaani sehemu ya faida pale kampuni inapoamua kuigawa, na ana haki ya kumwuzia mwingine kipande chake. Hapo pana neno linalosahauliwa na wengi: hakuna hisa iliyonunuliwa bila kuuzwa. Gazeti likiandika kwamba leo zimenunuliwa hisa milioni kumi, lingeweza kuandika kwa ukweli ule ule kwamba leo zimeuzwa hisa milioni kumi. Kwa hiyo usemi kwamba "wakubwa wananunua" ni nusu ya habari, maana wanaowauzia aghalabu ni wakubwa wenzao. Mfuko wa pensheni unaotaka fedha za kuwalipa wastaafu huuza, na kampuni ya bima iliyopokea ada za mwezi hununua. Mlima wa hisa huhama kutoka kabati moja kwenda kabati jingine, na bei haitikisiki.

Kinachoitikisa ni haraka. Katika soko la hisa kuna foleni mbili zinazotazamana. Upande mmoja wamo wanaotaka kununua, kila mmoja ametaja bei yake ya juu kabisa. Upande wa pili wamo wanaotaka kuuza, kila mmoja ametaja bei yake ya chini kabisa. Tuseme wauzaji wamejipanga hivi: hisa 5,000 kwa shilingi 20, nyuma yao hisa 8,000 kwa shilingi 20 na senti 10, na nyuma yao hisa 7,000 kwa shilingi 20 na senti 20. Akaja mtu mwenye haraka anayetaka hisa 15,000 saa hiyo hiyo. Atazimaliza 5,000 za kwanza, atazimaliza 8,000 zinazofuata, na zilizobaki, 2,000, atalazimika kuzichukua kwa 20 na senti 20. Amelipa jumla ya shilingi 301,200, na bei inayoonekana ubaoni sasa ni 20 na senti 20. Asubuhi ya siku hiyo hiyo huenda makampuni mawili yalikwisha kubadilishana hisa milioni mbili kwa shilingi 20 kamili kwa mapatano, bila kugusa foleni. Biashara kubwa haikuacha alama. Ile ndogo, iliyokuwa na haraka, imeipandisha bei ya hisa zote za kampuni.

Tena bei yaweza kuruka hata bila haraka ya mtu. Habari ikitangazwa usiku, mathalani kwamba faida ya kampuni imezidi ilivyotarajiwa, wauzaji wote hujiondoa katika foleni kabla ya soko kufunguliwa na kurudi wakitaka bei ya juu zaidi. Asubuhi, hisa mia moja tu zikiuzwa kwa bei hiyo mpya, basi ndiyo bei. Mambo haya yanafanana na nyumba za Nyakabiga. Nyumba ikiuzwa ghali, majirani wote wa barabara hiyo huhesabu kwamba zao zimepanda thamani, ingawa hawakuuza hata tofali. Na ikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe ana mgonjwa, nao huhesabu kwamba wamepungukiwa.

Soko la hisa la Nairobi, ambalo ndilo kubwa kupita yote ya Afrika Mashariki, lilianzishwa mwaka 1954. Tangu Septemba 2006 biashara yake imekuwa ikifanywa kwa mitambo ya kompyuta, baada ya miaka mingi ya madalali kuitana bei kwa sauti. Katika soko hilo hakuna kisa kinachofundisha jambo letu vizuri kuliko kile cha hisa za Safaricom.

Mwezi Machi 2008, nchi ya Kenya ikiwa imetoka tu katika ghasia zilizofuata uchaguzi, serikali yake ilitangaza kuuza robo ya kampuni hiyo ya simu. Hisa bilioni 10 zilitolewa kwa shilingi 5 kila moja, na serikali, iliyokuwa na asilimia 60, ikabakiwa na asilimia 35. Asilimia 40 zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Vodafone ya Uingereza. Watu walipanga mistari mbele ya mabenki. Walimu, wakulima, askari, wachuuzi wa mboga, wote walijaza fomu, na wengi walikopa ili kujaza fomu kubwa zaidi. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa zaidi ya mara nne, hata mwananchi wa kawaida akapewa karibu moja ya tano tu ya alichoomba, na fedha nyingine akarudishiwa.

Tarehe 9 Juni 2008 hisa hizo zilianza kuuzwa sokoni, na siku hiyo bei ilipita shilingi 7. Aliyezipata kwa 5 alijiona tajiri. Wanahisa walikuwa mamia ya maelfu, na mashirika makubwa ya ndani na ya nje yalikuwa yameingia kwa nguvu. Kama wingi wa wakubwa ungekuwa ngao, basi hisa hii ingekuwa na ngao kuliko zote. Hata hivyo, kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5 za mwanzo, na mapema mwaka 2009 ilianguka hata chini ya shilingi 3.

Yalitokea mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, waliokopa walikuwa na haraka. Riba ya benki haingoji, nao hawakununua ili wakae na hisa, walinunua ili wauze na kulipa deni. Kila bei ilipoinua kichwa, walitokea kuuza. Pili, tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilifilisika, na mashirika ya fedha ya Ulaya na Marekani yakawa yanahitaji fedha taslimu nyumbani kwao. Yaliuza popote palipouzika. Safaricom ilikuwa na wanunuzi kila siku, na kwa sababu hiyo hasa ndiyo iliyouzwa: mtu mwenye shida huuza kile chenye soko, si kile kibovu. Kampuni yenyewe haikuwa na kosa. Huduma yake ya M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa inakua mbele ya macho ya kila mtu, na simu zilikuwa zinalia kama kawaida. Wakubwa wa ndani waliendelea kununua, lakini walinunua bila haraka, wakingoja bei iwafuate chini. Kwa nini mtu alipe 4 leo ikiwa muuzaji mwenye dhiki atakubali 3 na nusu wiki ijayo? Jambo hilo mwanamke yeyote aliyewahi kununua nyanya saa kumi na mbili jioni analijua bila kufundishwa.

Kwa miaka kadhaa bei ilizunguka hapo, ikipanda kidogo na kurudi. Kuanzia 2013 ilianza kupanda, na mwezi Agosti 2021 ilipita shilingi 40, mara nane ya ile ya mwanzo. Kisha ikateremka tena. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya shilingi 15. Safari hii pia sababu kubwa ilitoka mbali. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hata ikapita asilimia 5 katikati ya 2023. Mwenye dola akaona kwamba anaweza kupata faida nzuri kwao bila kuhatarisha kitu, na wakati huo huo shilingi ya Kenya ilikuwa inapungua nguvu, kutoka karibu 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 hata kufikia karibu 160 mwanzoni mwa 2024. Kwa mgeni, hata kama bei ya hisa ingesimama pale pale, shilingi ikishuka yeye amekwisha poteza. Aliuza. Zaidi ya hayo, kampuni ilikuwa imeanza biashara Ethiopia mwaka 2022, na kazi mpya ya namna hiyo hula fedha kwanza kabla ya kuzaa.

Pana jambo la kustaajabisha katika hesabu hizo. Hisa zote za Safaricom ni bilioni 40. Katika miaka hiyo yote robo tatu zilikuwa zimefungwa kwa serikali na kwa kundi la Vodafone, ambao hawakuwa wakifika sokoni asubuhi kuuza na kununua. Katika robo iliyobaki, nyingi zimelala katika mifuko ya pensheni na kwa watu waliozificha kama hati ya shamba. Zinazopita sokoni kwa siku ni chembe tu, lakini chembe hizo ndizo zinazoweka bei ya bilioni 40 zote. Mnunuzi wa mwisho na muuzaji wa mwisho, wawili ambao pengine hawajui hata jina la mwenyekiti wa kampuni, hupitisha hukumu juu ya mali ya kila mwanahisa.

Wapo wanaodai kwamba wakubwa hupanga bei kwa siri ili kuwanyonya wadogo. Hila zimewahi kutokea katika masoko ya dunia na watu wamefungwa kwa ajili yake. Ila mara nyingi ukweli hauna njama ndani yake. Wakubwa si kikosi kimoja chenye amri moja. Kila mmoja ana mabosi wake, wateja wake na siku yake ya kulipa. Tatizo lao ni jingine: wamesoma vitabu vile vile na hufuata kanuni zinazofanana, na kwa hiyo hatari ikionekana hugeuka wote kwa pamoja bila kuitana, mfano wa askari waliosikia mluzi mmoja.

Dunia ililiona hilo tarehe 19 Oktoba 1987 huko New York. Mashirika mengi makubwa yalikuwa yameweka mpango wa kujikinga, ulioagiza kwamba bei ikishuka, wauze kiasi fulani, na ikishuka zaidi, wauze zaidi. Kila shirika peke yake lilikuwa na busara. Yalipoutekeleza mpango huo siku moja, kuuza kwa hili kulikuwa sababu ya kuuza kwa lile. Siku hiyo zilipita hisa zaidi ya milioni 600, nyingi kuliko siku yoyote iliyotangulia katika soko hilo, na kipimo cha Dow Jones kikaanguka kwa asilimia 22.6 kati ya asubuhi na jioni. Wingi wa biashara ya wakubwa haukuizuia bei. Wingi huo wenyewe ndio uliokuwa mporomoko.

Nairobi ina breki yake: kwa kawaida bei ya hisa hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja. Breki hiyo huzuia kishindo, haizuii mteremko. Kitu kikishuka kidogo kidogo kwa miezi ishirini, kama ilivyokuwa baada ya Agosti 2021, hakuna siku moja ambayo kengele italia. Tena wakubwa wenyewe hupendelea mwendo huo wa polepole. Shirika linalotaka kuuza hisa milioni hamsini haliwezi kuzimwaga zote sokoni asubuhi, kwani lingejivunjia bei lenyewe. Huzigawa vipande, leo kidogo, kesho kidogo, kwa madalali tofauti. Mtazamaji wa nje huona biashara ya kila siku yenye afya na wanunuzi wasiokosekana, wala haoni kwamba nyuma ya vipande hivyo yuko muuzaji mmoja mwenye haja ya wiki nyingi.

Kwa nyumba ya mwanajeshi mambo haya yana uzito wa pekee. Akiba yake imepatikana kwa miezi ya hatari, na mara nyingi yeye mwenyewe hayupo wakati bei inapobadilika. Aliyenunua kwa fedha ya ada ya Septemba huenda akalazimika kuuza Agosti, na mwezi huo waweza kuwa mbaya; hapo anakuwa yeye ndiye mwenye haraka katika foleni, na foleni haimhurumii. Dalali anaweza kupewa agizo lenye kikomo, yaani "nunua, lakini usipite bei hii", au "uza, lakini usishuke chini ya hii". Agizo la namna hiyo laweza kukaa siku kadhaa bila kutimizwa, na hilo si hasara. Asiyetaja kikomo atapewa bei yoyote iliyopo mbele ya foleni.

Mwenye hisa za shilingi 5 ambaye hakuwa na deni hakuwa na sababu ya kuiogopa sana foleni. Kwa mwaka wa hesabu uliomalizika Machi 2024, wakati bei ilikuwa imeteremka vibaya, Safaricom iliwagawia wanahisa shilingi 1 na senti 20 kwa kila hisa kabla ya kodi. Kwa aliyeipata kwa 5, hiyo ni karibu robo ya fedha yake ya awali, kwa mwaka mmoja. Aliyeinunua kwa 40 mwaka 2021 alipata gawio lile lile, lakini kwake ni senti 3 kwa kila shilingi. Kampuni ni moja, mwaka ni mmoja. Kwa mtu wa Bujumbura kuna hesabu ya nyongeza, kwamba gawio huja kwa shilingi za Kenya na halina budi kubadilishwa ndipo linunue maharagwe kwa faranga za Burundi.

Liko neno moja zaidi, nalo ni la wake hasa. Tangu Novemba 2004 hisa za Nairobi zimekuwa zikiwekwa katika akaunti za kompyuta ziitwazo CDS, wala si katika vyeti vya karatasi vya kufungia sandukuni. Mume akifariki au akipotea kazini bila kumwambia mtu, hapatakuwa na karatasi itakayookotwa chini ya godoro. Kenya ilitunga sheria mwaka 2011 ya kukusanya mali za fedha zisizodaiwa, na magawio na hisa za watu waliokaa kimya muda mrefu hupelekwa kwa mamlaka iliyowekwa kwa kazi hiyo, ambako warithi wanaweza kuzidai wakiwa na ushahidi. Kinachosaidia kuzitafuta ni nambari ya akaunti, jina la dalali, na jina la mwenye hisa likiandikwa sawasawa na lilivyo katika kitambulisho chake. Karatasi ndogo yenye mambo hayo matatu ni mwanzo mzuri, ingawa peke yake si ushahidi wa urithi, ikitiwa ndani ya kopo lile lile lenye cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mke akaonyeshwa kopo lilipo kabla lori la kambi halijaja kumchukua mumewe.